Mupini wa mbao kwa bastola: mashini inakata, lakini muti njo unaamua

Mupini wa bastola ni vibao viwili tu, kimoja kuume, kimoja kushoto, vinavyofungwa na visi juu ya chuma pale mukono unashika. Vingi vya kiwandani siku hizi viko vya plastiki. Mutu mwenye kutaka vya mbao, vyenye kuenea kiganja chake, alikuwa anaenda kwa fundi mwenye kisu na tupa. Leo kuna mashini ya kuchonga inayoongozwa na ordinateri, na seremala wa komine Annexe, mwenye kuzoea milango na vitanda, anaweza kujiuliza: ile mashini itanipa mukate ao itaninyanganya?

Kuchonga mbao ya bunduki kwa mashini si jambo la leo. Katika mwaka 1819, Thomas Blanchard wa Marekani alipata hati ya serikali kwa mashini yake: gurudumu linapita juu ya mufano, kisu kinafuata ile njia ile ile kwenye kipande cha muti. Kiwanda cha silaha cha Springfield kilitengeneza vitako vya bunduki namna hiyo. Kuongoza mashini kwa namba kulikuja nyuma sana. John Parsons alianza kwa ajili ya vipande vya ndege, na chuo cha MIT kikaonyesha mashini ya kwanza mwaka 1952.

Kazi yenyewe inaanza na kupima. Fundi anatosha mupini wa zamani na kupima unene na nafasi ya matundu ya visi. Hapa bastola hazifanane. Ile ya Ubelgiji iliyotoka Herstal mwaka 1935, watu wanaiita GP, iko na visi moja kila upande; Colt ya 1911 iko na mbili, na kati yazo kuna milimita 78 hivi. Ukikosea nusu milimita, kibao hakikae. Kisha anachora umbo katika programu, na programu inaandika njia ya kisu: kuume na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini.

Matundu na upande wa ndani, ule unaolala juu ya chuma, vinatangulia. Halafu kibao kinageuzwa na kushikwa na vijiti viwili vinavyoingia katika matundu ya meza, ili kirudie pahali pale pale. Kisu kinene kinatosha mbao mingi haraka; kisu chembamba chenye kichwa cha mviringo kinapita nyuma, pole pole, kulainisha. Karatasi ya kusugulia na mafuta ya kitani ni kazi ya mukono, mashini au hakuna mashini.

Umeme ukikatika katikati, na wakaaji wa Annexe wanajua hiyo habari, mashini inasahau pale ilipokuwa. Betri ya kulinda ordinateri peke yake haitoshi, juu mota ya kisu inasimama pia. Fundi mwerevu anaacha alama ya mwanzo kwenye meza, anarudisha kisu pale, anaanza tena. Asiye na alama anatupa kibao.

Na kibao cha kutupa si kitu kidogo. Mbao mubichi haifai: wakati wa kiangazi inajikunja, mvua ikirudi inavimba, visi inapasua. Inaomba mbao iliyokauka, yenye nyuzi zinazofuata urefu wa mupini. Mulombwa unafaa, hautikisike sana. Mukula ni muzuri kwa macho, ule wekundu wake, lakini ni muti ambao magogo yake yalienda Uchina kwa wingi kutoka upande wa Kasenga. Tangu mwishoni mwa 2019 uko katika orodha ya pili ya mapatano ya CITES: kuuvusha mupaka kunaomba ruhusa. Mabaki ya seremala yanatosha kabisa kwa mupini. Hakuna haja ya kukata muti mwingine. Vumbi la hizi mbao linachoma pua na kifua, kwa hiyo kifuniko cha mudomo ni lazima.

Kuhusu wateja, sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inaongoza mambo ya silaha na risasi katika inchi, na raia anahitaji ruhusa. Fundi anayeletewa bastola aulize karatasi kwanza, na afanye kazi juu ya vibao, si juu ya chuma. Bora zaidi, mwenye silaha alete mupini wa zamani tu na aache bastola nyumbani. Wenye ruhusa si wengi, kwa hiyo hakuna mutu atakayelipa deni la mashini kwa mipini ya bastola. Visu vya jikoni, mapanga, mapambo ya milango na vichwa vya vitanda vinapita kwenye meza ile ile, na programu ile ile, na hapo wateja hawaombwe karatasi.