Historia ya Muziki wa Thanjavur

Thanjavur ni mji wa Watamil katika bonde la mto Kaveri, kusini mwa India. Mnamo mwaka 1010 mfalme Rajaraja, wa ukoo wa Chola, alikamilisha hapo hekalu kubwa la mungu Shiva. Maandishi ya kuta zake yanataja wanawake wachezaji 400 waliopewa nyumba na posho.

Karne ya 16 mji ukatawaliwa na Wanayaka, wenye kusema Kitelugu. Raia walibaki na Kitamil chao, lakini Kitelugu kikawa lugha ya baraza na ya nyimbo. Karne iliyofuata mwanachuoni Venkatamakhin, ambaye ukoo wake ulikuwa wa Wakannada, akapanga ngazi 72 za sauti, msingi hadi leo wa raga, yaani mitindo ya sauti ambamo nyimbo hutungwa.

Katika miaka ya 1670 wakaja watawala wapya, Wamaratha. Zama zao ndizo za Tyagaraja (1767–1847), aliyetunga kwa Kitelugu, na Muthuswami Dikshitar (1775–1835), aliyetunga kwa Kisanskriti. Dikshitar aliishi Kashi, kaskazini, akarudi na athari za raga za huko. Alisikia pia bendi za Waingereza, akazitilia tuni zao maneno ya kusifu miungu.

Nduguye Baluswami (1786–1859) alijifunza fidla ya Wazungu, na hapo ndipo ustadi wa wanamuziki wa Thanjavur unapodhihirika. Mpigaji alikaa chini, akakunja miguu, kichwa cha fidla akakiegemeza mguuni na tumbo lake kifuani. Mkono wa kushoto, ukiwa hauna mzigo, ukaweza kuteleza juu ya nyuzi na kutoa gamaka, yale mawimbi ya sauti ambayo bila hayo raga si raga. Mwaka 1834 Vadivelu, mwana wa Thanjavur, alitunukiwa fidla ya pembe za ndovu na mfalme wa Travancore.

Mwaka 1855 mfalme wa Thanjavur alifariki bila mrithi wa kiume, Waingereza wakatwaa dola, na wanamuziki wengi wakahamia mji wa Madras. Huko, katika miaka ya 1940, Watamil walidai nyimbo za lugha yao zipewe heshima jukwaani. Dai lao lilikuwa la haki: nyumba iliyokirimu wageni wengi hivyo haikustahili kumweka mwenyeji mlangoni. Hawakuifukuza fidla wala nyimbo za Tyagaraja. Waliongeza za kwao, na muziki ukazidi kutajirika.