Kutoka Kaisaria hadi Kolwezi: Nani Aliongoka?

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 10, Petro anaingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi aliyekaa Kaisaria. Kwa desturi kisa hicho huitwa kuongoka kwa Kornelio. Lakini akida huyo alikuwa mcha Mungu tangu mwanzo wa masimulizi; anayelazimika kugeuka ni Petro, aliyekuwa akiwahesabu watu wa namna hiyo kuwa najisi. Shauri likafikishwa Yerusalemu yapata mwaka 49 B.K.: je, asiye Myahudi atahiriwe kwanza ndipo aokoke? Wazee wakakataa sharti hilo, wakabakiza makatazo manne, na matatu kati yake yalihusu chakula.

Biblia za Kiswahili huwaita waamini hao «watu wa Mataifa». Msomaji wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambapo Kiswahili na Kibemba husikika pamoja, yumo ndani ya neno hilo, na huenda akadhani kwamba swali lilikwisha zamani. Katanga lilirudi kwa sura nyingine: je, Mwafrika awe Mzungu kwanza?

Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Kwa maelezo yake mwenyewe, alianza kama bwana anayefundisha na kuamuru. Baadaye ndipo alipoanza kuuliza na kusikiliza. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka kwa Kifaransa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, nacho ndicho kinachosomwa vyuoni. Yaliyofuata husahauliwa mno, ingawa yalinenwa kwa Kiswahili. Mwaka 1953, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi ya Ruwe, Kolwezi, ilianza Jamaa. Mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mume na mke waliingia pamoja. Wakaitwa baba na mama. Na padri naye akawa baba Placide, ndugu miongoni mwa ndugu. Hapo tofauti na katekisimu ya kukariri ni kubwa: anayefundisha naye hufundishwa.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Katika miaka ya 1970 maaskofu waliiwekea Jamaa mipaka mikali. Petro naye, kama Paulo anavyosimulia katika barua kwa Wagalatia, alikula na watu wa Mataifa huko Antiokia mpaka walipowasili wajumbe waliotoka kwa Yakobo. Ndipo akajitenga na meza ile.