Ele Opeloge: Msamoa aliyepata medali ya Olimpiki miaka 8 baada ya mashindano

Tarehe 16 Agosti 2008, katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing, China, mwanamke wa miaka 23 kutoka Samoa alimaliza wa nne katika mashindano ya kunyanyua vyuma. Medali ya shaba ilimponyoka kwa kilo 1 tu, akarudi kwao mikono mitupu.

Mwaka 2016 matokeo yale yalibadilishwa. Wanawake wawili waliokuwa mbele yake waligundulika kutumia dawa zilizopigwa marufuku, na Ele Opeloge akapandishwa hadi nafasi ya pili. Medali yake ya fedha ndiyo ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Samoa.

Mwanamichezo anawezaje kupewa medali ya mashindano ambayo watu wamekwisha kuyasahau? Na je, medali ikichelewa miaka 8, haki imetendeka? Makala hii inaeleza.

Kwa ufupi

- Jina: Ele Opeloge
- Kuzaliwa: 11 Julai 1985
- Nchi: Samoa
- Mchezo: kunyanyua vyuma, kundi la wanawake wenye uzito wa mwili zaidi ya kilo 75
- Olimpiki: Beijing 2008 (medali ya fedha, iliyotambuliwa 2016) na London 2012
- Jumuiya ya Madola: dhahabu Delhi 2010, fedha Glasgow 2014

Samoa iko wapi?

Samoa ni nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, karibu katikati ya safari ya kutoka Hawaii kwenda New Zealand. Visiwa vyake vikubwa ni viwili, Upolu na Savai'i, na mji mkuu ni Apia. Wakazi wake ni watu wapatao laki 2 tu, na wilaya nyingi za Afrika Mashariki zina watu zaidi ya hao.

Nchi hiyo ilipata uhuru kutoka New Zealand tarehe 1 Januari 1962, wiki tatu hivi baada ya Tanganyika kupata wake. Isichanganywe na Samoa ya Marekani, visiwa jirani vilivyo chini ya Marekani. Mwenyeji wa pwani yetu akifika huko hatashangazwa na chakula, kwani atakuta nazi, ndizi, magimbi na mashelisheli. Saa ndizo zitakazomchanganya. Kwetu ikiwa saa 2 asubuhi, Apia ni saa 12 jioni ya siku hiyohiyo.

Mchezo unaopendwa kuliko yote Samoa ni raga. Timu ya nchi hiyo ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1984 mjini Los Angeles, na kwa miaka mingi ilirudi bila medali hata moja.

Familia ya vyuma

Ele hakuwa peke yake nyumbani kwao katika mchezo huu. Ndugu zake kadhaa nao ni wanyanyua vyuma waliovaa jezi ya taifa. Miongoni mwao ni Niusila, Mary na Don, ambao majina yao tutayakuta tena mbele.

Kwa nchi ndogo, mchezo huu una nafuu yake. Hauhitaji uwanja mkubwa wala timu ya watu 15. Unahitaji jukwaa imara, fito ya chuma, sahani za uzito na kocha anayeijua kazi yake. Wanyanyua vyuma wengi wa visiwa vya Pasifiki, Opeloge akiwemo, walipata mazoezi katika kituo cha pamoja cha ukanda wao kilichoongozwa na kocha Paul Coffa wa Australia. Kituo hicho kiliwakusanya vijana wa mataifa madogo, wakala, wakalala na kufanya mazoezi pamoja, jambo ambalo kisiwa kimoja peke yake kisingelimudu kwa urahisi.

Mchezo wenyewe unachezwaje?

Ili kuelewa uzito wa ile kilo 1 iliyompotea Opeloge, ni vyema kujua kanuni za mchezo.

Kila mshindani hunyanyua kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya mkupuo mmoja: unaushika mzigo sakafuni na kuupeleka moja kwa moja juu ya kichwa bila kuupumzisha popote. Ya pili ina hatua mbili: unaupandisha kwanza hadi mabegani, unatulia, kisha unausukuma juu mpaka mikono inyooke. Kwa namna hii ya pili watu hunyanyua mizigo mizito zaidi.

Kila mtu ana majaribio matatu kwa kila namna. Mzigo mkubwa alioufaulu katika namna ya kwanza hujumlishwa na mkubwa alioufaulu katika namna ya pili, na jumla hiyo ndiyo inayompa nafasi yake. Waamuzi watatu huangalia kama mikono imenyooka na kama mtu ametulia na mzigo juu, kisha huwasha taa nyeupe kukubali au nyekundu kukataa. Wawili wakikubali, jaribio linahesabiwa.

Kuna kanuni nyingine inayofanya mchezo huu uwe wa akili pia: mzigo hauteremshwi. Sahani zikishaongezwa, huwezi kuomba zipunguzwe. Kwa hiyo kocha hukaa nyuma ya jukwaa akipiga hesabu: wapinzani wamenyanyua ngapi, mchezaji wangu ana nguvu kiasi gani, na tuombe kilo ngapi katika jaribio lijalo? Akikosea hesabu, mchezaji aliyejiandaa kwa miaka 4 huondoka bila kitu.

Wanawake waliruhusiwa kushindana katika mchezo huu kwenye Olimpiki kuanzia Sydney mwaka 2000. Kwa hiyo Opeloge alipopanda jukwaa la Beijing, hiyo ilikuwa Olimpiki ya tatu tu kwa wanawake.

Siku ya Beijing

Matokeo yaliyotangazwa siku ile, kwa jumla ya minyanyuo yote miwili, yalikuwa hivi:

1. Jang Mi-ran, Korea Kusini: kilo 326
2. Olha Korobka, Ukraine: kilo 277
3. Mariya Grabovetskaya, Kazakhstan: kilo 270
4. Ele Opeloge, Samoa: kilo 269
5. Mariam Usman, Nigeria: kilo 265

Jang alikuwa peke yake huko juu, na alivunja rekodi za dunia siku hiyo. Mashindano ya kweli yalikuwa kati ya hao wanne wanaofuata.

Anayepima mahindi kwa gunia la kilo 90 ataielewa hesabu hii haraka. Kilo 270 ni magunia matatu kamili. Opeloge, kwa minyanyuo yake miwili ikijumlishwa, alifikisha magunia matatu kasoro pakiti moja ya sukari, na pakiti hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye medali.

Bendera zilizopandishwa jioni ya siku hiyo zilikuwa za Korea Kusini, Ukraine na Kazakhstan. Bendera ya Samoa haikuwamo.

Hakuacha

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2010, Opeloge alikwenda Delhi, India, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akarudi na dhahabu. Ndugu yake wa kiume, Niusila, naye alishinda dhahabu kwa upande wa wanaume katika michezo hiyohiyo. Dada na kaka wa nyumba moja waliipa nchi yao dhahabu mbili katika safari moja.

Mwaka 2012 ndiye aliyebeba bendera ya Samoa katika ufunguzi wa Olimpiki ya London, na alishindana huko pia, ila hakupata medali. Mwaka 2014 mjini Glasgow alipata fedha ya Jumuiya ya Madola. Aliyemshinda siku hiyo ni Mariam Usman wa Nigeria, yule aliyekuwa nyuma yake Beijing.

Muda wote huo, katika vitabu vya Olimpiki Opeloge aliandikwa wa nne.

Kwa nini matokeo yalibadilika?

Msikilizaji anaweza kuuliza: kama dawa zilikuwa mwilini mwao mwaka 2008, mbona hazikuonekana siku ile?

Jibu liko maabara. Mwanamichezo anapopimwa, mkojo wake hugawanywa katika chupa mbili zinazofungwa kwa lakiri. Baada ya kipimo cha kwanza, sampuli hazimwagwi, bali zinahifadhiwa kwenye baridi kali kwa miaka kadhaa. Kwa Beijing muda huo ulikuwa miaka 8, na siku hizi ni miaka 10.

Dawa za kujenga misuli huvunjwavunjwa na mwili na kuacha mabaki. Mwaka 2008 mitambo iliweza kuyaona zaidi mabaki yanayokaa muda mfupi. Mtumiaji aliyeacha dawa mapema kabla ya mashindano alipita bila kukamatwa. Baadaye wataalamu waligundua mabaki mengine yanayokaa mwilini muda mrefu zaidi, pamoja na njia ya kuyatambua hata yakiwa machache sana.

Kabla ya muda wa kuhifadhi kwisha, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilizitoa sampuli za zamani na kuzipima upya kwa mbinu mpya. Korobka wa Ukraine alifutiwa matokeo yake Julai 2016. Grabovetskaya wa Kazakhstan alifuata Novemba mwaka huohuo. Kila mmoja alipoondolewa, Opeloge alipanda ngazi moja, kutoka wa nne hadi wa tatu, kisha wa pili. Usman naye alipanda kutoka wa tano hadi wa tatu, na Nigeria ikapata shaba.

Hao wawili hawakuwa peke yao. Mabingwa watatu wa kike wa China katika Beijing walinyang'anywa dhahabu zao. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2017 shirikisho la dunia la mchezo huo lilizifungia nchi 9 kwa mwaka mmoja, zikiwemo China, Urusi, Kazakhstan na Ukraine.

Kilichorudi na kisichorudi

Kilichorudi ni medali na jina. Leo ukitazama orodha ya nchi zilizowahi kupata medali ya Olimpiki, Samoa imo, na aliyeiingiza ni Opeloge.

Kisichorudi ni siku yenyewe. Hakusimama kwenye jukwaa la washindi mbele ya ulimwengu. Wadhamini, serikali na watu wa nyumbani humpokea mwenye medali tofauti na wanavyompokea wa nne, na tofauti hiyo huonekana zaidi katika miaka michache ya mwanzo, mwanamichezo akiwa bado na nguvu na akihitaji fedha za chakula, safari na matibabu. Opeloge alishindana Delhi, London na Glasgow bila kutambuliwa kuwa mshindi wa medali ya Olimpiki, ilhali alistahili.

Afrika Mashariki inaijua hali hii. Katika Olimpiki hiyohiyo ya Beijing, Asbel Kiprop wa Kenya alimaliza wa pili kwenye mita 1500. Aliyemtangulia, Rashid Ramzi wa Bahrain, alipatikana na dawa, na dhahabu ikahamishiwa kwa Kiprop. Lakini miaka mingi baadaye Kiprop mwenyewe alifungiwa miaka 4 baada ya kupatikana na dawa nyingine. Kwa hiyo kipimo kinachomtetea mtu leo ndicho kinachoweza kumkamata kesho, na haijalishi anatoka nchi gani.

Baada yake

Samoa imeendelea kunyanyua. Mwaka 2016, Mary Opeloge alishindana katika Olimpiki ya Rio. Mwaka 2018 msichana wa miaka 17, Feagaiga Stowers, alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast, Australia, katika kundi la wanawake wenye uzito mkubwa zaidi. Mwaka 2022 mjini Birmingham, Don Opeloge aliongeza dhahabu nyingine kwa upande wa wanaume.

Kwa hiyo utakapomsikia mtangazaji akisoma matokeo ya Olimpiki, kumbuka kwamba hayo ni matokeo ya siku hiyo. Chupa bado ziko kwenye barafu, na orodha inaweza kubadilika hata miaka 10 baadaye. Ele Opeloge hakulalamika kwa ushahidi wowote mwaka 2008, kwa sababu hakuwa nao. Alinyanyua kilo 269 kwa nguvu zake, zikaandikwa, na miaka 8 baadaye kilo zilezile, bila kuongezwa hata moja, zikatosha.