Mtego wa mapafu na bakteria wanaoutegua

Mwaka 1963, katika hospitali kuu ya mji wa Malmö, Sweden, Carl-Bertil Laurell na daktari kijana Sten Eriksson walipitia karatasi za vipimo vya protini za damu, kama 1,500 hivi. Protini zikipitishiwa umeme hujipanga kwa mistari. Katika karatasi tano, mstari wa alfa-1 ulikuwa kama haupo. Wengine wangesema kipimo kimeharibika, wakatupa. Wao walifungua majalada ya wagonjwa, wakakuta watatu kati ya hao watano wana mapafu mabovu.

Protini iliyopungua huitwa alfa-1-antitripsini. Hutengenezwa zaidi na ini, na kazi yake kubwa mapafuni ni kuzuia elastasi, kimeng'enya ambacho chembe nyeupe za damu hukimwaga zinapopambana na vijidudu. Kisipozuiwa, hula nyuzi zinazowezesha mapafu kutanuka na kunywea.

Namna kinavyozuiwa ilionekana wazi mwaka 2000, pale James Huntington, Randy Read na Robin Carrell wa Cambridge walipochapisha umbo la antitripsini ikiwa imenasa kimeng'enya cha kundi moja na elastasi hiyo. Ni mtego wa panya hasa: kimeng'enya kinauma chambo kwenye kitanzi, kitanzi kinafyatuka, kimeng'enya kinarushwa hadi upande wa pili wa protini, kimevurugika umbo, hakiwezi kazi tena. Mtego wenyewe hutumika mara moja tu.

Bakteria waliujua udhaifu huo kabla yetu. Mwaka 1979 Morihara na wenzake wa Japani walieleza kwamba Pseudomonas aeruginosa, msumbufu mkubwa wa vidonda vya moto na mapafu dhaifu, hutoa elastasi yake inayoiharibu antitripsini. Kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa madini ya zinki. Si cha kundi ambalo mtego ulitegewa. Hukata kitanzi, mtego ukafyatuka mtupu, chenyewe kikaenda zake. Mwaka 1986 Jan Potempa, James Travis na mwenzao wakaonyesha kuwa Staphylococcus aureus naye anavyo vimeng'enya vya namna hiyo. Kisha elastasi yetu wenyewe, iliyokosa wa kuizuia, humalizia uharibifu.

Tangu 1987 Marekani imeruhusu waliozaliwa na upungufu huo kutundikiwa antitripsini inayotokana na damu ya wachangiaji. Hata hiyo, ikifika kwenye pafu lililojaa Pseudomonas, yaweza kukatwa vilevile.