Ramani ya Maji na Ramani ya Kaya: Umeme katika Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero lilianza kupimwa kwa sababu ya maji yake. Mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa taarifa ya uchunguzi wa bonde lote la Rufiji, ambalo Kilombero ni tawi lake kubwa. Miaka saba baadaye Ralph Jätzold na Eckhard Baum walichapisha kitabu kilichoeleza kwa pamoja udongo, mafuriko, mashamba na makazi ya bonde hili. Ulikuwa mwanzo mzuri, lakini umeme haukuufuata. Mitambo ilijengwa kwenye maporomoko: Kidatu kuanzia 1975, yenye megawati 204, na Kihansi, yenye megawati 180, mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyaya za msongo mkubwa zikapeleka nguvu hiyo kwenye gridi ya taifa, huku vijiji vingi vya bondeni vikibaki na vibatari, kuni na mkaa.

Ramani ya watu ilitoka kwenye afya. Kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho chimbuko lake ni maabara iliyoanzishwa na Rudolf Geigy katika miaka ya 1950, kilihesabu kaya za vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga mwaka 1996, wakati wa mradi wa vyandarua vyenye dawa. Tangu 1997 wahesabuji walirudi katika kila kaya kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama.

Kumbukumbu za namna hii zina thamani kubwa kwa mpangaji wa umeme. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya mashambani, mbali na kijiji, na kukaa huko kwa miezi. Baada ya mavuno, mzigo wa umeme huhamia kwenye mashine za kukoboa. Nguzo na transfoma zilizochorwa peke yake hazionyeshi mwendo huo.

Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 ilizaa Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanza kazi 2007. Sensa ya 2022 nayo iliuliza kila kaya inapikia na kuwashia nini, na kwa mara ya kwanza ikahesabu majengo pamoja na anwani za makazi. Hakuna tena sababu ya kupanga njia za nguzo za Ifakara bila kuziweka juu ya ramani ya kaya.