Jiko la Mtu Mmoja

Maharage yalimwagika Makuyuni. Nilivuka tuta kwa mwendo wa mtu aliyesahau kwamba nyuma kuna jiko, droo ya chini ikachomoka, na kilo mbili za maharage ya njano zikatawanyika sakafuni hadi chini ya kiti changu. Mama, aliyekaa mbele pamoja nami, hakugeuka. “Nilikwambia,” alisema. Kuhusu droo hakuwahi kuniambia lolote. Alichoniambia, siku gari lilipotoka kwa seremala, kilihusu jiko zima: “Limekaa kama sanduku la kufungia mtu.”

Gari lenyewe ni Hiace iliyokuwa daladala hapa Arusha. Nilipong'oa viti, sakafuni yalibaki matundu ya bolti na sarafu moja ya shilingi 50. Mama aliuza chakula stendi kwa miaka 19. Anajua basi la Kigoma huondoka saa ngapi na la Mwanza saa ngapi, anajua abiria gani atakula wali na nani ataomba chapati za kufunga, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Singida. Siku hizi goti lake la kulia linagoma, na kukaa kwenye basi siku nzima hawezi. Nikamwahidi Kigoma. Tungekwenda polepole, tungelala garini, tungepika wenyewe, na angeliona ziwa.

Kutoka nyuma ya kiti cha dereva hadi mlango wa nyuma nilipata sentimita 270. Upana, 150. Ukitoa kitanda, jiko lilibakiwa na eneo dogo kuliko meza ya chakula ya watu sita, na chini ya dari ile mtu mzima hawezi kusimama wima. Hapo nikaanza kusoma, kama wafanyavyo watu wa rika langu wanapouogopa msumeno.

Nilifika kwa Margarete Schütte-Lihotzky. Katika miaka ya 1920 mji wa Frankfurt, Ujerumani, ulikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba, na Ernst May, aliyesimamia ujenzi wa mji, alikuwa akijenga mitaa mizima ya nyumba za kupanga za bei nafuu. Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Vienna, alipewa kazi ya jiko. Mwaka 1926 alitoa chumba chenye upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Majiko ya namna hiyo yalijengwa kama 10,000. Mfano aliuchukua kwenye behewa la mgahawa la treni, ambako wapishi wachache hulisha watu wengi ndani ya uchochoro. Alikuwa pia amemsoma Mmarekani Christine Frederick, ambaye katika kitabu chake cha 1913 alitaka hatua za mama wa nyumbani zihesabiwe kama zinavyohesabiwa za mfanyakazi wa kiwandani.

Nilipenda kila kitu. Droo za alumini zilikuwa na mdomo wa kumiminia na jina la kilichomo: mchele, sukari. Unga ulikaa kwenye droo za mti wa mwaloni, kwa imani kwamba mti huo hufukuza wadudu. Bao la kupigia pasi lilikunjwa ukutani. Chini ya dirisha palikuwa na meza ya kukatia na kigoda cha kuzunguka, ili anayemenya viazi akae.

Kisha nikasoma jambo lililonifanya niiweke simu chini. Mwaka 1934, Wanazi wakiwa wamekwisha kuitwaa Ujerumani, Ernst May alikuja Tanganyika na kulima karibu na Arusha. Baadaye alihamia Nairobi na kurudia usanifu. Mpango wa Kololo na Naguru kule Kampala ni wake, na Hoteli ya Oceanic ya Mombasa pia. Bwana wa yale majiko 10,000 aliishi jirani na mji huu wa mama ntilie. Kwa mantiki ambayo leo siwezi kuitetea, niliona hiyo ni ruhusa.

Nikaanza kumhesabu Mama. Nilikaa mlangoni mwa jiko letu na daftari akipika ugali na mchicha. Hatua 64. Alipojua ninachofanya aliweka mwiko chini. “Unanihesabu kama mbuzi?” Nikamweleza habari za Frankfurt. Alisikiliza vizuri, akauliza swali moja: “Huyo mama alikuwa anapika?”

Hakuwa anapika. Schütte-Lihotzky alisema mwenyewe uzeeni kwamba alipochora lile jiko hakuwa na uzoefu wa kupika. Simsimangi kwa hilo. Nia yake ilikuwa kumpunguzia mwanamke kazi ili abaki na saa za maisha yake. Mwaka 1940 alirudi Vienna kuwasaidia waliopambana na Wanazi, akakamatwa na kukaa gerezani hadi 1945. Lakini chumba kile kilimtosha mtu mmoja tu. Wapangaji waliozoea kula jikoni walikuta meza haiingii, na kufikia miaka ya 1970 wanawake wa Ulaya walikuwa wakisema waziwazi kwamba jiko lile lilimwondolea mama hatua na kumwondolea pia watu wa kuzungumza nao.

Mimi nilikuwa nimeshalijenga. Nilinunua karatasi mbili za plaiwudi ya milimita 12, na fundi akakata. Aliuliza, “Dada, mpishi atakaa wapi?” Nikamwonyesha kigoda. Jiko la gesi la plati mbili kushoto, beseni na dumu la maji kulia, droo sita chini, kila moja na jina. Ukikaa pale unafikia kila kitu bila kunyanyuka. Huwezi pia kumwona mtu yeyote, kwa sababu umeupa mlango mgongo. Na kwa goti la Mama, kuingia pale ni kupiga magoti.

Tulirudi kutoka Makuyuni tukiokota maharage. Wiki ile nilimsoma Charles Goodnight, mfuga ng'ombe wa Texas. Mwaka 1866, yeye na mwenzake Oliver Loving wakijiandaa kuswaga ng'ombe hadi New Mexico, alichukua gari la kukokotwa lililowahi kuwa la jeshi akalifunga kabati nyuma. Ndani mlikuwa na rafu na droo za kahawa, maharage, chumvi na unga. Ubavuni pipa la maji, na chini ya gari ngozi iliyotundikwa kubebea kuni. Uso mzima wa kabati ulifunikwa na ubao mmoja wenye bawaba kwa chini. Safarini ubao ule huzifunga droo zote kwa mkupuo. Jioni unaushusha, mguu wake unasimama, nao unakuwa meza. Mpishi husimama nje kwenye hewa, na wengine wote wanajua pa kujia.

Goodnight nisimpambe. Ng'ombe wa safari ile waliuzwa Fort Sumner, ambako jeshi la Marekani liliwashikilia maelfu ya Wanavajo waliohamishwa kwa nguvu kutoka kwao, wakifa njaa. Jiko zuri la safari lilizaliwa kwenye biashara hiyo. Lakini ubao ule ulikuwa jibu la maharage yangu, na la Mama.

Fundi alicheka aliponiona tena. Tulifungua skrubu zote, tukaligeuza kabati litazame nyuma, tukabandika ubao mmoja wa bawaba wenye makomeo mawili. Mlango wa nyuma wa Hiace hufunguka kwenda juu, kwa hiyo paa nilikuwa nalo bila kutumia shilingi. Kimo cha meza sikukitafuta kitabuni. Nilimwomba Mama asimame, akunje kiwiko, nikapima hapo.

Tulivuka Singida siku ya pili, saa nne asubuhi. Nilipunguza mwendo ili aone kibao. Alikisoma kwa sauti, akanyamaza mpaka Sekenke, na hapo akaniambia nitafute kivuli. Akashusha ubao, akawasha gesi, akanipa vitunguu nikate upande wangu wa meza. Wali ulikuwa unakaribia kukauka lori lilipoegesha nyuma yetu. Dereva akashuka akijinyoosha.

“Shikamoo mama. Sahani bei gani?”

Mama alifuta mikono kwenye khanga. “Marahaba. Leo siuzi,” alisema. “Karibu.”

Dereva akarudi kwenye lori kumwita utingo wake.