Mjomba Asiyetajwa: Ndoa za Mapema katika Masasi na Newala

Kifungu cha 17 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka msichana ambaye hajafikisha miaka 18 apate ridhaa kabla ya kuolewa, na kinataja wa kuitoa. Wa kwanza ni baba. Baba akiwa amefariki, mama. Wote wawili wakiwa hawapo duniani, mlezi. Mzee wa Newala akisomewa kifungu hicho haraka ataona nani hayumo. Mjomba hayumo. Hawa ni Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu ambao mtoto kwao ni wa ukoo wa mama yake, na posa ilikubaliwa au kukataliwa kwa kauli ya kaka wa mama. Sheria ya Dar es Salaam ilimkabidhi baba mamlaka ambayo kwa desturi hakuwahi kuwa nayo peke yake. Mama, mwenye ukoo, akaambiwa asubiri mumewe afe ndipo aulizwe.

Naanza na sheria kwa sababu mazungumzo ya ndoa za utotoni kusini hukimbilia unyago, yaani mafunzo ya utu uzima ambayo mabinti waitwao wali huchezewa ngoma. Kila Desemba ngoma zinapoanza kulia, lawama hupanda kutoka mjini: wali wanachezwa, kwa hiyo wanaolewa. Unyago una lake la kujibu, nitalifikia. Lakini historia ya Masasi na Newala inaonyesha kwamba binti alianza kukosa ulinzi pale mikono iliyomshika ilipopungua mmoja baada ya mwingine, na baadhi ya mikono hiyo iliondolewa na kanisa, na msikiti, na serikali.

Uwanda wa Makonde ulijaa watu katika karne ya 19, wakati wengi walipokuwa wakikimbia wawinda watumwa na mashambulizi ya Wangoni. Juu ya uwanda vichaka vilikuwa vizito na maji hayakuwepo. Wanawake walishuka mabondeni kuyateka na kupanda nayo kichwani. Kimbilio lilikuwa na gharama zake, na waliozilipa zaidi walikuwa wanawake. Huko juu mwanamume alioa kwa kuhamia. Alijenga kwa wakwe zake, akalima shamba la mama mkwe, akatazamwa kama ni mvivu au mkali kabla ya kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba. Mahari ilikuwa ndogo. Kazi ya mikono ilikuwa nzito. Binti aliyeolewa alibaki karibu na mama yake, na akipigwa hakuwa na safari ndefu ya kurudi kwao.

Hakuna aliyehesabu miaka. Kipimo kilikuwa mwili na mafunzo: binti alipokaribia kuvunja ungo, au alipokwisha kuuvunja, alichezwa, somo wake, mwanamke aliyepewa kumfunda, akamfunza, kisha akaonekana yuko tayari. Sitaki kuupaka utaratibu huo rangi nzuri kuliko ulivyokuwa. Uchumba wa utotoni ulijulikana. Msichana wa miaka 13 au 14 aliweza kuwa mke, na nyonga zake hazikuwa zimepevuka kwa sababu tu ngoma ilikuwa imepigwa. Waliofia uzazini ni wengi na hakuna daftari lenye majina yao. Hata hivyo palikuwa na watu waliowajibika kwa jina: somo aliyefunza, mama aliyeishi jirani, mjomba aliyeulizwa binti alipoteswa.

Aliyekuwa hatarini kuliko wote ni mke asiye na mjomba. Biashara ya utumwa iliwaleta wanawake kama hao kwa wingi. Mwanamume aliyetaka watoto wawe wake, wasiwe wa ukoo wa mkewe, alimchukua mwanamke aliyenunuliwa au kutekwa, ambaye ndugu zake walikuwa mbali au wamekufa. Hakuhitaji kuhamia popote wala kulima shamba la mtu. Mwanamke huyo akipigwa hakuwa na pa kukimbilia, na watoto wake walihesabiwa upande wa baba. Naona hapo ndipo wanaume wa kusini walipoonja kwa mara ya kwanza ndoa ambayo baba ndiye mwenye kila kitu.

Misheni nayo ilianza na watu wasio na ukoo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar, akalisimamisha Masasi chini ya majabali yake. Kule Mbweni, Unguja, wasichana waliookolewa majahazini walisomeshwa na misheni na wengi wakaozwa kwa walimu na wakulima Wakristo. Hawakuwa na mama wala mjomba wa kuwasemea, kwa hiyo misheni ikawa mzazi, mshenga na msimamizi kwa pamoja. Ilifanya hivyo kwa huruma, na huruma hiyo iliokoa maisha. Lakini iliwazoesha wamisionari kuiona ndoa kama jambo la padri, bwana harusi na bibi harusi, bila ukoo nyuma yao. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi, na mmisionari Chauncy Maples akahamia Newala kwa Chifu Matola, Myao. Huko alikuta mambo kinyume na Mbweni: kila msichana alikuwa na watu wengi wa kumsemea, na ngoma zake zilijulikana bonde zima.

Mjerumani Karl Weule wa Leipzig alizifikia ngoma hizo mwaka 1906, moto wa Maji Maji ukiwa haujapoa. Alibeba fonografu na kamera ya sinema, akakaa Chingulungulu, Masasi na Newala, akarekodi nyimbo na kuandika alichoona katika unyago. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Ni hazina, na pia ni kazi ya mgeni mwanamume aliyeruhusiwa kuona uwanja tu. Yaliyosemwa ndani kati ya somo na mwali hakuyasikia, na wengi waliomfuata katika kuandika juu ya unyago hawakuyasikia pia, ingawa hawakusita kuyahukumu.

Mmisionari Vincent Lucas wa UMCA alichagua njia nyingine, na kwa hilo jina lake bado linatajwa Masasi. Alifika mwaka 1909, akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944. Badala ya kulipiga marufuku jando la wavulana, alilibatiza: akaondoa aliyoyaona kuwa hayapatani na Injili, akaweka sala na mafundisho, na mapadri Waafrika kama Kolumba Msigala wakawa nguzo yake. Kwa wasichana kanisa lilianzisha malango, unyago wa Kikristo. Jando la kanisa lilishika, malango yalisuasua. Siri za unyago zilikuwa mali ya wanawake wazee ambao askofu hakuwa na uwezo wa kuwaamuru, na walichoombwa kukiacha, yaani mafunzo ya wazi kuhusu mwili na tendo la ndoa, ndicho walichokiona kuwa kiini. Ndipo Masasi ikakosa nafasi kubwa. Wangekaa chini kwa kweli, kanisa na wanawake hao wangeweza kuuliza swali la umri mapema sana: je, kufunzwa lazima kumaanishe kuolewa?

Uislamu ulienea kwa kasi vijijini katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, na ukaja na walii, ambaye ni baba, na mahari inayotajwa mbele ya mashahidi. Kodi ya kichwa na kazi za mkonge ziliwatoa vijana nyumbani. Kijana aliyekuwa na fedha mkononi hakuona sababu ya kulima shamba la mama mkwe kwa misimu. Mambo haya hayakuiua desturi ya ukoo wa mama. Yaliichosha. Mjomba akabaki wa kushauriwa kwa heshima, baba akawa wa kupokea.

Baada ya uhuru, serikali ilipotaka kuweka sheria za kimila katika maandishi, tangazo la mwaka 1963 liliratibu kanuni za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Za ukoo wa mama hazikuandikwa. Miaka minane baadaye ikaja Sheria ya Ndoa. Kwa mengi ilikuwa sheria ya kujivunia: iliunganisha ndoa za dini, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja, ikamtaka mke akubali kwa hiari yake. Lakini kifungu cha 13 kilimwekea mvulana miaka 18 na msichana 15, na mahakama ikapewa uwezo wa kuruhusu hata 14. Miaka 15 ni ule ule umri wa kuvunja ungo uliotiwa wino. Sheria ilichukua kipimo cha zamani, ikakiondolea somo, mama na mjomba, ikakibandika kwa baba.

Wakati huo huo unyago wenyewe ulikuwa ukihama. Elimu ya msingi kwa wote ilipotekelezwa mwaka 1977, watoto walikuwa darasani, na ngoma ikasogezwa kwenye likizo, hasa ya Desemba. Desemba pia ndiyo fedha ya korosho hupatikana. Wali wakaanza kuchezwa kwa makundi, wakiwa wadogo zaidi, wengine wa miaka 8 au 10, kwa sababu mzazi humcheza mtoto wake anapokuwa na fedha na shule imefungwa. Hapa ndipo nakubaliana na wanaolalamika. Somo la utu uzima linalotolewa kwa mtoto wa darasa la tatu haliwezi kuwa lile lile, na masomo wanaolifundisha bila kulipunguza wanamtwisha mtoto mzigo wa mtu mzima. Lakini tazama pia upande wa pili: siku hizi kati ya unyago na ndoa kuna miaka mingi. Mwali wa miaka 9 haolewi kesho yake. Uzi uliounganisha mambo hayo mawili umelegea wenyewe.

Takwimu zinaonya dhidi ya majibu ya haraka. Katika hesabu zilizotokana na utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2010, mikoa iliyoongoza kwa wanawake walioolewa kabla ya miaka 18 ilikuwa Shinyanga, asilimia 59, na Tabora, asilimia 58. Mtwara, mkoa wenye Masasi na Newala, haikuwa kileleni. Kule Shinyanga na Tabora ng'ombe wa mahari humfanya binti kuwa mtaji wa baba. Newala hakuna ng'ombe wa kumsukuma mtu. Kinachomsukuma binti ni kumaliza darasa la saba bila pa kwenda, mimba isiyotarajiwa, na msimu wa korosho unaomjaza mwanamume fedha kwa miezi mitatu. Mara nyingi hata ndoa yenyewe haifungwi: wanaishi pamoja tu, na kifungu cha 160 huwahesabu kuwa mume na mke baada ya miaka miwili.

Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba sheria hiyo ni maridhiano na mila na dini. Mila za nani? Si za Newala, ambako baba hakuwahi kuwa mwamuzi pekee. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Serikali ikarudi kukusanya maoni, na miaka ya 2020, 2021 na 2022 ikapita vifungu vikiwa vile vile.

Kati ya sheria na sheria pameachwa pengo ambalo binti huanguka ndani yake. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inasema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, isipokuwa akiwa mke wa miaka 15 au zaidi. Basi msichana wa miaka 15 akiwa na sare ya shule, mwanamume anakwenda jela. Akiivua sare hiyo na baba akatia saini, mwanamume yule yule ni mkwe.

Siombi mjomba aongezwe kwenye foleni ya kifungu cha 17. Naomba foleni yenyewe ifutwe, kwa sababu chini ya miaka 18 hakuna wa kuridhia kwa niaba ya mtoto, awe baba, awe mjomba. Ukoo wa mama una kazi nyingine, na tayari unaifanya. Novemba 2021 Serikali iliwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule rasmi. Ili msichana arudi, lazima mtu abaki na mtoto. Newala mtoto huyo haulizwi baba yake ni nani ndipo apate ukoo. Ukoo anao tangu anazaliwa. Bibi mzaa mama humchukua kama mjukuu wa nyumba, na mama yake mwenye miaka 16 huweza kuchukua madaftari asubuhi akaenda kidato cha pili.